Kamba ya Chumba cha Mama Kanku

Kijiko kililia jikoni saa nane ya mchana: mara mbili za haraka, kimya kidogo, kisha mara moja. Godelieve akafuta mikono kwenye kitenge chake, akaenda chumbani kwa mama yake. Kitanda kilikuwa kitupu. Kamba ilikuwa bado inatikisika.

Alimkuta Mama Kanku uani, kivulini, akichambua maharage.

"Mama, ni weye uliniita?"

"Mi? Na mi niko huku tangu asubuhi! Nilikokota kamba na meno?"

Wakacheka wote wawili, ila kicheko cha Godelieve kilikatika mapema.

Kamba ile aliifunga mwenyewe wiki waliyohamia. Magoti ya mama yalikuwa yamechoka na sauti yake imekuwa ndogo, basi akaipitisha kutoka kitandani, juu ya ukuta, hadi jikoni, na huko akaning'iniza kijiko cha chuma kando ya mfuniko wa sufuria. Mama akitaka maji, anakokota mara mbili, polepole. Kamba yenyewe Godelieve aliikuta depo, stoo ya uani kwao, nyuma ya mabati: nyeusi, nene, ya nailoni. Alijiuliza ni mpumbavu gani ametupa kitu kizima namna hiyo.

Na nyumba, msidhani aliiokota. Alikataa nne kabla ya hiyo. Moja ilikuwa na ngazi, mama angepandaje? Moja ilikuwa mbali na bomba. Nyingine, watoto wangevuka barabara ya malori kila wakienda shule. Ya nne ilikuwa na ufa ukutani wa kuingiza mkono, na hapa Kolwezi ukiona ufa wa namna hiyo, jua kuna watu wanachimba madini chini yako. Godelieve alitaka nyumba ya kuzeekea. Alikuwa amechoshwa na vyumba vya kupanga tangu Josias, mume wake, fundi wa matofali, alipomwacha na watoto wawili, miaka minne sasa, akamfuata muuza samaki mmoja wa Fungurume. Habari hiyo aliletewa na kaka yake mkubwa, Omer, naye Omer aliisema huku analia.

Ni Omer huyo huyo aliyemwonyesha nyumba hii. Alisema mwenye nyumba amehamia Lubudi.

"Angalia chumba ya mama," alimwambia. "Ngazi hakuna. Simenti mupya. Hapa batoto batakomaa, utaona na bajukuu."

Aliyasema hayo kutoka mlangoni. Hakutia mguu ndani. Godelieve alidhani ni heshima, kwa maana kwao Kasai mtoto wa kiume haingiingii hovyo chumba anacholala mama yake. Jioni ile alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa kumpa kaka.

Tangu siku ya kijiko, mambo hayakutulia. Kila siku saa nane, mbili, kimya, moja. Ikaja na harufu: udongo mbichi, jasho, chokaa. Mama akaanza kusema sakafu inagonga chini ya kitanda. Na alasiri moja Godelieve alipokuwa amesimama peke yake chumbani humo na ufagio mkononi, akaona kamba inakazika yenyewe, ikashuka taratibu kama iliyoshikwa na mtu mzito, ikalegea, ikakazika tena, na harufu ya chokaa ikapanda mpaka akaihisi ulimini, na hapo moyo wake ukasema neno ambalo alikuwa akilifukuza wiki nzima, kwamba hivyo ndivyo Josias alivyokuwa akigonga mlango akichelewa kurudi, mbili, kimya, moja, ili asiamshe watoto.

Alimwita Mama Huguette, mwombezi wa kanisa lao, aliyewahi kuuza bukari, yaani ugali, machimboni kabla ya kuokoka. Mama Huguette hakufungua hata Biblia. Aliishika kamba, akaifuata kwa vidole mpaka mwisho wake, akaiachia upesi.

"Mawe!" akashtuka. "Mama Gode, hii kamba ulitoa wapi?"

"Mu depo."

"Hii ni kamba ya shimo. Kamba yenye ilipoteza mutu haiingie mu nyumba, bachimbaji bote banajua. Na ona huku. Haikukatika. Ilikatwa na kisu." Akashusha sauti. "Mutu akikokota mara tatu kule chini, anasema: munitoe."

Godelieve alimpigia kaka yake simu. Omer akaja kabla Mama Huguette hajaondoka, akasimama palepale mlangoni. Alipoiona kamba, uso ukamshuka.

"Yaya," Godelieve alimwita kaka yake, "Josias iko wapi?"

Omer hakuuliza kwa nini anamuuliza yeye.

"Hii nyumba ni yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Josias alitaka kuipata kwa ajili yako. Nilimuambia tuchimbe humu mu chumba, akitoa kobalti ya kutosha nitamupa nyumba. Ile siku udongo ulishuka, Gode. Akakokota kamba. Akakokota tena. Na mi nilikuwa nateleza, shimo ilitaka kunimeza."

"Ukakata."

"Nilikata."

"Hukuita batu?"

"Bangenifunga."

"Na ule mwanamuke wa Fungurume?"

Omer alianza kulia, machozi yaleyale ya miaka minne iliyopita.

"Hakuna mwanamuke. Nilitaka uache kumungojea."

Godelieve aliketi kitandani, kando ya mama yake. Alikuwa amezichoma picha za Josias. Alikuwa amemtukana mbele ya watoto mpaka Mignonne, binti yake, akakataa kuandika jina la baba shuleni. Haya yote aliyafanya kwa sababu alimwamini mtu wa tumbo moja naye.

"Na ukalaza mama yetu juu yake," alisema. Mama Kanku aligeuza uso ukutani, hakumtazama tena mwanawe.

Mama Huguette akasema, "Mwenye alikata, ni yeye atakokota."

Simenti ilivunjwa. Vijana watatu walichimba siku tatu, na ya tatu, mchana, Omer akakokota kwa mikono yake mwenyewe huku mitaa miwili ikitazama. Josias alipanda na kipande cha kamba kingali kiunoni. Kanisa likamzika. Shimo likajazwa mawe. Majirani wakamshauri Godelieve ahame.

"Nihame niende wapi? Hii nyumba bwana yangu alinilipia."

Kijiko kikanyamaza. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Siku moja, saa nane, simu ikalia. Alikuwa Omer, anahema.

"Gode, nisaidie. Kamba ya kuanika nguo inajikokota. Batoto banaogopa. Mu sakafu..."

Nyuma ya sauti yake Godelieve alisikia: mbili za haraka, kimya, moja, kugonga kwa Josias.

"Unasikia? Nifanye nini?"

"Umutoe, yaya," alisema Godelieve. Akakata simu, akampelekea mama yake maji.