Mlinzi wa Rachelle Alikaa Kimya

Kila Jumatano baada ya masomo, Rachelle Ngoy alipita nyumbani kwao mtaani Manika, mjini Kolwezi, akabadili sare, akala bukari, yaani ugali, kwa sombe ya majani ya muhogo, kisha akakimbilia ukumbi wa parokia. Humo mlikuwa na kompyuta chache kuukuu na klabu ya watoto wanaojifunza kuandika programu. Mwalimu wao, Mama Ernestine, alikuwa mhandisi wa mgodini, mwenye kicheko kinachosikika hadi barabarani. Siku yake ya mapumziko aliwapa wao, nao walimpenda hata wakagombania kumbebea mkoba.

Rachelle alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa hodari, na bahati mbaya alilijua hilo vizuri. Yeye ndiye aliyeandika programu ya kuhesabu alama katika shindano la maswali baina ya shule, lililopangwa kufanyika Jumamosi. Wa kuketi kwenye kompyuta siku hiyo na kuandika majina na alama mbele ya watu alikuwa Jémima, rafiki yake wa chanda na pete. Mama yake Jémima, mfanyabiashara wa Kasaji, mji wa mbali, alikuwa ameahidi kuja kumwona mwanawe. Kwa wiki nzima Jémima hakuwa na habari nyingine.

Kumbe programu ilikuwa na shida. Siku ya Jumanne, walipokwenda ukumbini kwa mazoezi ya ziada, Jémima alipoandika jina la timu ya shule yao, Nyota ya Lualaba, alama zao ziliruka kutoka sifuri hadi tisini na saba kabla ya swali lolote kuulizwa. Wenzao walicheka. Rachelle hakucheka, kwa sababu Jémima alikuwa mtani wa kupindukia na alishawahi kumfichia viatu; akashuku kwamba huu ni utani mwingine.

Ili kujua ukweli, kesho yake Rachelle aliweka mlinzi. Ndivyo klabu ilivyoita chombo kimoja cha programu ya kusakia makosa. Kila namba hukaa mahali pake katika kumbukumbu ya kompyuta, na mahali hapo pana anwani yake. Ukimpa mlinzi anwani hiyo, anaikodolea macho. Namba ikibadilika tu, anasimamisha kila kitu na kuonyesha mstari ulioibadilisha. Rachelle aliikariri kichwani ile anwani ndefu ya alama za timu yao, akajivunia.

Jumatano hiyo umeme ulikatika, kama kawaida. Huko Kolwezi mtu hashangai. Mtoto huweka kalamu chini, hupiga soga, na taa zikirudi huendelea pale alipoachia. Rachelle naye alifanya hivyohivyo. Aliwasha kompyuta, akafungua programu, akampa mlinzi anwani aliyoikariri, kisha akamwita Jémima aandike jina la timu.

Tisini na saba! Na mlinzi hakusema kitu.

"Muone!" Rachelle alipaza sauti, klabu nzima ikageuka. "Programu yangu haina kosa, mulinzi amenyamaza. Ni wewe unachezeaka alama zetu. Jumamosi hautagusa hii mashini!"

"Mi sikugusaka kitu," Jémima alisema. "Niliandika tu jina ya ekipe."

"Muongo!"

Jémima alianza kulia. Alichukua mkoba wake, akatoka, akaketi kwenye ngazi za nje. Atamwambia nini mama yake, aliyekwisha kumtafuta mtu wa pikipiki wa kumleta?

Mama Ernestine alivuta kiti, akaketi karibu na Rachelle. Hakugomba.

"Mutoto yangu, alama zilibadilika, ao hazikubadilika?"

"Zilibadilika, mama."

"Na mulinzi alilia?"

"Hapana."

"Basi sikia. Hata kama ni Jémima njo alibadilisha, mulinzi alipashwa kulia. Namba imetoka kwa sifuri, yeye amenyamaza. Juu ya nini unaanza kushitaki rafiki yako, kabla ya kuuliza mulinzi?"

Rachelle aliitazama tena ile anwani kwenye skrini.

"Kule mugodini," Mama Ernestine aliendelea, "kabla ya kulipua mawe tunaliza king'ora. Lakini tunakijaribu kwanza. King'ora yenye kuharibika inanyamaza sawasawa na ile yenye haina neno la kusema. Mulinzi wako, ulimujaribu?"

Hakumjaribu. Mama Ernestine akamwambia aipe timu alama kumi kwa mkono wake mwenyewe. Namba ikabadilika kwenye skrini, na mlinzi kimya.

"Analala!" Rachelle alisema kwa mshangao.

"Halali. Umemuweka kwa nyumba yenye batu walihama. Mashini ikizimika na kuwaka, programu inapanga bitu, namba zake zote, kwa fasi ingine. Ile anwani ni ya kabla courant haijakatika."

Rachelle alitafuta anwani mpya, akampa mlinzi, kisha akaongeza alama makusudi. Papo hapo programu ilisimama. Sasa mlinzi alikuwa macho. Rachelle aliirudisha namba sifurini, akaandika mwenyewe Nyota ya Lualaba. Programu ikasimama tena, ikamwonyesha mstari wa kupokea jina. Mstari huo aliuandika yeye. Alikuwa ameliachia jina nafasi ya herufi kumi na tano tu, na jina la timu yao, pamoja na nafasi kati ya maneno, lilihitaji kumi na sita. Herufi ya mwisho, a, ilimwagikia mahali pa alama, na kwa kompyuta herufi hiyo ni namba tisini na saba. Majina aliyoyajaribia kabla yalikuwa mafupi.

Kurekebisha kosa hakukuchukua muda. Kuinuka kitini ndiko kulikokuwa kugumu.

"Nilimuita muongo mbele ya bote," Rachelle alinong'ona.

"Basi utasema mbele ya bote," Mama Ernestine alimjibu, akimshika bega. "Ukimya wa mulinzi hauonyeshe kitu kama haujamujaribu. Na jina ya mutu si kitu ya kujaribia hasira yako. Nenda, mama, muite."

Rachelle alimleta Jémima ndani kwa mkono. Aliwaambia wenzake wote kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba Jémima hakusema uongo hata kidogo. Kisha akamgeukia. "Unisamehe. Jumamosi ukae kwa mashini, mama yako akuone."

Jémima alipangusa macho kwa mkono wa sweta. Kisha akaketi mbele ya kompyuta na kusogea pembeni kumwachia nusu ya kiti.

"Kaa," alisema. "Lakini mi njo naandika, si wewe."

Akaandika Nyota ya Lualaba, polepole, herufi kwa herufi. Alama zikabaki sifuri.