Kiegemeo cha Kulia

Mimi ni mtu wa kinyaa. Unywele mmoja kwenye sahani unatosha kunilaza njaa. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba ninayoyafanya kila Jumapili kwenye banda la gari la Baba siyafanyi kwa kupenda.

Jioni ile nilikuwa nakwenda tu kupeleka spea. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya mahindi ya huku kwetu Ohio, na kando yangu kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye viegemeo viwili vya mkono, vile vya milango ya mbele, tulivyovifungua kwenye Buick, gari la zamani la Baba. Sikutaka hata mfuko uguse sketi yangu.

Buick ile Baba aliinunua mwaka aliomwoa Mama. Maisha yao yote waliketi humo vilevile. Baba kwenye usukani, mkono wa kushoto juu ya kiegemeo cha mlango wake. Mama kulia, mkono wake juu ya kiegemeo cha pili. Jasho la kila kiangazi liliingia humo. Ngozi ya bandia ilipasuka, na sponji ya ndani ikawa unga wa njano unaonata vidoleni. Mama alishafariki, na Baba alibakiwa na haja moja tu duniani: siku ya kumbukumbu ya ndoa yao aliendeshe gari lile hadi makaburini kwa Mama, likiwa kama Mama alivyoliacha. Injini alishaitengeneza. Rangi alishapiga. Kilichomshinda ni mapambo ya ndani.

Anayejua magari ya zamani atanielewa. Spea za kuiga zimejaa kwenye katalogi, lakini rahisi ghali. Kijani si kile, na michirizi ya ngozi ni mikubwa utadhani mpira wa kikapu. Niliagiza kiegemeo mara mbili. Mara zote mbili Baba alifumba macho, akapitisha kiganja, akakisukuma mbali.

"Hiki sicho, Bernadine."

"Baba, ni plastiki! Nani ataangalia?"

"Mama yako angejua."

Aliyenielekeza kwa Bibi Ottilie ni Duane, mwenzetu wa kilabu cha magari.

"Yule hatengenezi kinachofanana," aliniambia. "Anatengeneza chenyewe. Ila mpelekee vya zamani, abaki navyo."

Alikuwa anakula soseji huku amevaa glavu zake za kazi.

"We Duane, hata mkate unaula na glavu? Mkeo hajakuchoka tu?"

Hakucheka.

Kuacha cha zamani kwa fundi ili akichukulie kipimo ni jambo la kawaida kwetu. Watu wanatuma viti vizima kwa mtu wasiyemjua, na hakuna anayejiuliza mara mbili. Bibi yangu, mama yake Baba, aliyekuja kutoka Polandi, alichoma kila unywele uliobaki kwenye kitana, asije mbaya wake akauokota. Mimi mjukuu wake nilikuwa nampelekea mgeni jasho la wazazi wangu kwenye mfuko.

Nyumba ya Bibi Ottilie ilikuwa mwisho wa barabara ya kokoto. Kikongwe mwembamba, aproni ya ngozi, harufu ya mafuta ya nguruwe yaliyochacha. Hakunikaribisha ndani. Alikitoa kiegemeo cha kushoto, akakipeleka puani.

Akanusa.

Kisha akakilamba.

Alikilamba polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, unga wa njano ukabaki kwenye ulimi wake. Akaumeza.

"Mwanamume," alinong'ona. "Alivuta sigara, akaacha. Yuko hai."

"Ni baba yangu."

Akachukua cha pili. Hicho alikaa nacho zaidi.

"Huyu alipenda losheni ya waridi... Yuko wapi?"

"Alifariki."

"Hilo najua, binti. Nauliza yuko wapi."

Na mimi, mjinga nisiye na mfano, nikamtajia. Makaburi ya parokia, karibu na uzio, chini ya msonobari.

Hazikupita siku nyingi mkono wa kushoto wa Baba ukaanza kumwasha. Ngozi ilimtoka kuanzia kiwiko hadi kifundo, vipande vyepesi vyepesi kama maganda ya kitunguu. Nilivifagia kwenye shuka nimegeuza uso. Daktari alisema ni uzee, akampa dawa ya kupaka. Haikusaidia kitu. Baba alijikuna mpaka nyama nyekundu ikaonekana, na kila siku alikonda.

Kisha Bibi Ottilie akapiga simu. Vimekuwa tayari.

Nilifika jua likizama. Alitokea kwenye kibanda cha nyuma, akaacha mlango wazi kidogo. Nyuma yake niliona kulabu. Kwenye kulabu kulining'inia kava la kiti, kitambaa cha dari, kifuniko cha dashibodi. Vyote vilikuwa vyeupe vyenye wekundu, havijapakwa rangi bado. Vilikuwa vinadondosha.

To... to... to...

Nikaziba pua. Kucha zake zilikuwa zimejaa udongo.

"Cha kushoto kilikuja chenyewe," alisema, akinipa furushi. "Cha kulia kilinisumbua. Ardhi ya huko ngumu."

Nilidhani ni maneno ya uzee, nikaitikia tu. Tena nilipofungua furushi nilisahau yote, maana vilikuwa vizuri mno. Kijani kilekile, michirizi ileile. Nilishangilia kama mtoto. Sasa nikikumbuka kwamba niliviweka shavuni, natamani kulichuna shavu lenyewe.

Kesho yake jioni Baba alikuwa jikoni akipasha supu, nami nikaenda bandani kuvifunga. Nilikaza skrubu za cha kushoto. Kilikuwa na joto, na banda halipati jua. Nikainama kutazama.

Unywele.

Mmoja, mweupe, umeota katikati ya kile kijani. Nilishindwa kuuvumilia. Nikaushika kwa kucha mbili, nikauvuta.

Jikoni, Baba akapiga ukelele.

"Aah! Nini kimeniuma mkononi?"

Nilijiambia imetokea tu. Pembeni yake niliona mwingine. Nikavuta.

"Bernadine! Njoo uone, mkono wangu!"

Pale nilipong'oa, tone la damu lilichomoza.

Cha kulia nilikuwa nimekwisha kukifunga mlangoni. Nikazunguka, nikakigusa. Kilikuwa cha baridi, baridi ya nyama iliyotoka kwenye friji, tena kimelowa. Nikanusa vidole vyangu. Waridi. Losheni ya Mama... na chini ya waridi, harufu nyingine, tamu, nzito, inayong'ang'ania kooni. Nilitapika kwenye ndoo ya oili chafu.

Ardhi ya huko ngumu.

Niliendesha hadi makaburini sijui vipi. Kulikuwa bado na mwanga kidogo. Nyasi za juu ya Mama zilikuwa zimekatwa kwa ustadi, zikainuliwa na kurudishwa kama zulia. Nilikanyaga kwa ncha ya kiatu. Kikazama.

Nikampigia Duane palepale.

"Umeshavifunga?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Nakwenda kuving'oa sasa hivi."

"Usithubutu, dada. Mimi nilijaribu kuung'oa usukani alionitengenezea... Viganja sina tena. Unadhani glavu ni fasheni?"

"Mwanaharamu we! Na ukanipeleka kwake?"

Nilimsikia akilia.

"Aliniahidi nikimletea mteja mwingine atanirudishia."

"Amekurudishia?"

Akakata simu.

Nilipita kwa Bibi Ottilie kabla ya kurudi nyumbani. Kibanda kilikuwa kitupu. Kulabu tu, na sakafu bado imelowa.

Nilirudi nikiwa nimeamua. Cha Baba kingebaki, kwa usalama wake. Lakini kile cha kulia ningekitoa na kukirudisha kilikotoka, hata kama ningechimba kwa mikono yangu. Nikachukua bisibisi, nikafungua mlango wa banda.

Baba alikuwa ndani ya Buick, upande wa Mama. Kiganja chake kilikuwa juu ya kiegemeo cha kulia, kinapapasa taratibu, taratibu, kwenda na kurudi. Kila kikirudi kilitoa sauti ya kitu kilicholowa.

"Baba, toka humo," nilisema. "Hicho ni kichafu. Hicho ni..."

"Nimelala naye miaka yote hiyo. Wewe ndiye utaniambia ni nini?"

Akainua mkono wa kushoto nione. Ile nyama nyekundu ilikuwa imeshaanza kufunga, na hajikuni.

"Umeacha kuniwasha tangu nikae humu," alisema. Uso wake sikuwa nimeuona hivyo tangu msiba. Kisha akashusha sauti, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake.

"Weka hiyo bisibisi, mwanangu. Mama yako anasikia baridi. Leta blanketi."

Nilisimama pale, bisibisi mkononi. Ningekitoa, Baba asingefika hata hiyo siku ya ndoa yao. Hilo nililiona waziwazi usoni mwake.

Nikaleta blanketi.

Siku ya ndoa yao ilipofika aliendesha mwenyewe, mimi nimejibana kiti cha nyuma na leso puani. Kwenye lango la makaburi akasimamisha gari. Hakuteremka.

"Tushuke, Baba?"

"Kumfuata nani?" akasema, akageuza gari.

Basi kila Jumapili navaa glavu, nashika ndoo, naingia bandani. Cha kushoto nakinyoa kwa wembe wa Baba, polepole, nisije nikamkata. Cha kulia nakifuta kwa taulo, halafu nakipaka losheni ya waridi. Nikimaliza natapika, nanawa, nakwenda kanisani.

Jumapili iliyopita kwa haraka nilisahau glavu. Nilipokigusa cha kulia kwa mkono mtupu, hakikuwa cha baridi tena.