Slaidi ya Tisa

Saa 2:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la steshenari kilinuka wino wa moto. Rubani, kiongozi wao, alikuwa amekalia katoni ya karatasi kama kiti cha enzi. Mbele yake watu watatu. Breki, dereva. Kalamu, aliyekuwa akitengenezea watu slaidi dukani humo mpaka macho yakauma. Na Pipi, mdogo wake Kalamu, ndani ya suti ya kijivu iliyomkaa kama alizaliwa nayo.

"Nasema mara moja," Rubani alianza. "Kampuni ya mnada wa vito. Pipi anajifanya muuza makabati ya vioo. Anawapa flashi, wanafungua slaidi zake kwenye kompyuta yao ya mkutano. Wakifungua tu, tumo."

"Tumo vipi?" Breki aliuliza. "Mimi najua gia tu."

Kalamu alifungua mdomo. Aliyejibu ni Pipi.

"Programu yao ya slaidi ni ya zamani, kaka. Ina tundu. Ukificha kitu ndani ya picha, inakiamsha yenyewe bila kuuliza mtu. Waliotengeneza programu walishaliziba, ila hawa hawataki kusasisha. Kila wakisasisha, nembo ya mkurugenzi inahama kona."

Breki alicheka mpaka akakohoa. "Vito vyote vile, kisa nembo?"

"Huyu mtoto ana kichwa," Rubani alisema, macho kwa Pipi. "Bila yeye tungekuwa bado tunapiga soga."

Mkurugenzi alikuja dukani kulalamikia nembo yake, na aliyemsikiliza ni Kalamu. Tundu alilisoma Kalamu, darasa la jioni, miguu imevimba kwa kusimama kutwa. Miaka minne kitanda kimoja na Rubani, na hajawahi kuambiwa ana kichwa. Aliambiwa ana mikono myepesi. Basi.

"Tuondoke," alisema.

Saa 4:05.

Gari lilisimama upande wa pili wa barabara, likitazamana na jengo. Kalamu nyuma, kompyuta mapajani. Breki kwenye usukani, anatafuna kucha.

Kioo cha kompyuta kikamemeta. Wamefungua faili. Ikaja maikrofoni, ikaja kamera ya mezani, zikaja za korido, ikaja orodha ya milango. Kufuli zote za jengo zilikuwa mtandao mmoja, za jikoni na za stoo ya vito, bila ubaguzi.

"Tumo."

"Umetisha, shemeji!"

Neno tamu. Ila limetoka mdomoni mwa Breki, si mwa Rubani.

Kwenye kioo, wazee saba wa bodi walimtazama Pipi kama watoto waliowekewa katuni. Slaidi ya tatu. Ya nne. Alikuwa anazisoma vizuri, kwa madaha, kila sentensi aliyoiandika dada yake ikimtoka kama yake. Rubani, aliyejifanya msaidizi wake, kakaa ubavuni mwa kompyuta.

Saa 4:18.

Simu ya mkurugenzi iliita. Akatoka nje, kikao kikapumua. Rubani akamwinamia Pipi. Hakukumbuka kwamba kompyuta ile sasa ina masikio.

"Tukimaliza, usirudi kwenye gari. Nina pikipiki nyuma ya jengo. Mimi na wewe tu."

"Na dada?"

"Dada yako fundi. Mafundi hawakosi pa kula."

Pipi akatabasamu. Si sana. Ilitosha.

Garini, Kalamu alisikia kila neno.

Saa 4:21.

Mkurugenzi alirudi. Pipi akaendelea. Rubani akaomba kwenda msalani, ndiyo ishara ya kufunguliwa stoo. Kalamu akafungua mlango wa stoo. Kamera ya korido ikamwonyesha mgongo wake ukiingia, mgongo anaoujua hata gizani.

Akafunga.

"Shemeji, mbona umefunga?"

"Nyamaza, Breki."

Akaingia kwenye faili, akaongeza slaidi ya tisa. Herufi kubwa, nyeusi. Hata kwa hasira ile aliyanyoosha maandishi katikati.

MWIZI YUKO STOO. HUYU ANAYEWASOMEA NI MWENZAKE.

Pipi akamaliza ya nane, akabonyeza kitufe.

Saa 4:26.

Viti vilianguka. Walinzi walimburuta Rubani kwa ukosi mpaka chumba cha mkutano, naye hakusubiri kuulizwa.

"Huyu dada ndiye kanileta! Mimi nimeajiriwa juzi tu! Muulizeni yeye!"

Pipi alikuwa amegeukia slaidi ukutani, anayasoma yale maandishi yaliyonyooka. Mkono ule aliujua tangu unamfundisha kuandika.

"Nani kakutengenezea hizi?" mkurugenzi alifoka.

Pipi akaitazama kamera. Moja kwa moja, kana kwamba hakuna kioo kati yao.

"Mimi."

"Mwongo! Uko na nani?"

"Peke yangu. Nilijifunza mwenyewe. Sina mtu nje."

Breki akawasha gari. "Kakukingia kifua, shemeji! Kakukingia! Tukimbie!"

"Zima."

"Una wazimu?"

Kalamu alilia, na humo humo kwenye machozi akaukuta wivu, mzima, haujaenda popote. Mtoto huyu. Sifa kachukua. Bwana wa dada yake kamtaka, au hakumtaka, nani ajuaye tena. Sasa anabeba na kifungo kisicho chake, tena mbele ya watu saba, kwa sauti nzuri.

Akafunga kompyuta, akashuka. Breki akaondoka kabla mlango haujajifunga.

Alivuka barabara bila kukimbia. Mlinzi wa getini, ambaye habari za juu zilikuwa hazijamfikia, akamzuia kwa adabu.

"Una miadi, mama?"

"Sina," Kalamu alisema. "Mdogo wangu yuko juu, anadanganya. Nimekuja kumsahihisha."