Maua Yaliyokunywa Maji Machafu

Maswali alipotoka shule alivua viatu mlangoni, akamwamkia bibi yake, kisha akaenda moja kwa moja jikoni kutazama maua yake. Wenzake walimpachika jina la Maswali kwa sababu hakuna somo lililokwisha kabla hajanyoosha mkono. Asubuhi alikuwa ametia maua mawili meupe katika glasi ya maji aliyoyatia rangi nyekundu. Kesho, kwenye maonyesho ya sayansi, alitaka kuonyesha jinsi kikonyo kinavyopandisha maji hadi kwenye petali.

Sasa maji yalikuwa meupe, safi kabisa. Petali zilikuwa na wekundu hafifu pembeni, kama mtu aliyeanza kuona haya akaghairi.

"Nani kagusa maua yangu?"

Bibi aliweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua. "Mimi, mjukuu wangu. Niliona yanakunywa maji machafu, nikayahurumia."

Maswali alitaka kulia, akajikuta anacheka kidogo. Lakini pakiti ya rangi ilikuwa imekwisha, na mwalimu alishasema kwamba kazi isiyo na matokeo haitapewa meza. Kaka yake akamshauri achovye petali kwenye wino mwekundu. "Nani atavaa miwani kulichunguza ua?" alisema.

Maswali akachovya ua moja. Likawa jekundu, zuri kweli. Bibi alilitazama, akauliza taratibu, "Na hili nalo limekunywa?"

Maswali alilitupa ua lile, akafungua daftari, akaandika: "Maji ya rangi yalikaa saa sita tu. Yalimwagwa kwa sababu sikumwambia mtu nyumbani kwamba hili ni jaribio." Hakumtaja bibi.

Kesho yake, watoto waliokuwa karibu walimwuliza kama ua lake linaumwa. Mwalimu alisoma daftari, akauliza nani aliyemwaga maji. Maswali akajibu kwamba ni mtu aliyeyahurumia maua.

Mwalimu akatabasamu. Alichukua kisu, akapasua kikonyo kwa urefu. Ndani mlikuwa na vistari vyekundu, vyembamba kama uzi, vikipanda hadi kwenye ua. Akamwonyesha Maswali meza ya kuwekea kazi yake.

"Ungelipaka rangi, ningeona ua zuri tu," alisema. "Sasa nimeona njia ya maji. Andika kilichotokea, mwanangu, hata kama hakikupendezi. Na kosa lako libebe mwenyewe, kama ulivyofanya, usimtwishe aliyekutakia mema."