Shafti ya Yaa Dufie

Kila asubuhi Yaa Dufie alifungua karakana yake pale Suame, mtaa wa mafundi, akaisalimia mashine ya kukereza vyuma. Hakuwa na mwingine wa kumsalimia. Mumewe, Amponsah, alifariki miezi saba iliyopita. Zamani Dufie alikuwa akipima chuma, mumewe akikifunga kwenye mashine. Sasa alifunga mwenyewe.

Siku hiyo alikuwa na kazi ya kukereza shafti ndefu, chuma cha kuzungusha kinu cha mahindi. Alibana ncha moja kwenye meno matatu ya mashine. Ncha nyingine aliiacha ikielea. Akawasha.

Shafti ikatetemeka, ikapinda, ikachomoka. Ilipiga ukuta karibu na kichwa chake.

Bukari, mchomeleaji wa jirani, aliingia mbio akazima umeme.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Dada, unataka kumfuata Amponsah?"

Dufie akaketi chini, akalia. "Tangu mazishi hujakanyaga humu, Bukari."

"Sikujua niseme nini."

"Ungesema hata habari za asubuhi."

Bukari akachukua chuma kipya. Kabla ya kuwa mchomeleaji, alikuwa amekereza vyuma miaka tisa.

"Tazama. Umeme uzimwe kwanza. Chuma kiingie ndani ya meno vizuri, usibane ncha tu. Kaza sawasawa. Sasa, ufunguo wa kukazia uko wapi?"

"Bado upo kwenye mashine."

"Ukiwasha hivyo, unaruka kama risasi. Utoe kila mara, kabla mkono wako haujaenda kwenye swichi."

Dufie akautoa.

"Chuma kirefu hakisimami kwa mguu mmoja. Toboa katikati ya ncha hii, uiegemeze kwenye msumari ule wa upande wa pili wa mashine. Zungusha kwa mkono. Kinagusa popote?"

"Hakigusi."

"Simama pembeni. Anza polepole."

Dufie akawasha. Shafti ilizunguka kimya, imenyooka, akaikereza hadi ikakamilika.

Kabla ya jua kuzama, mwenye kinu aliikagua, akaichukua bila neno la lawama. Bukari akaaga kurudi kwake. "Kesho nitapita kukusalimia," alisema.

Nyumbani Dufie aliosha mikono. Alisugua grisi kidole kimoja kimoja, hadi vyote kumi vikawa safi. Hakuna aliyemuuliza siku ilikwendaje. Akaketi mbele ya sahani yake ya kenke, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki, akasema kwa sauti, ndani ya chumba kitupu:

"Leo nimefunga vizuri."