Baiskeli Juu ya Stendi

Kila siku alasiri, baba akishasali na kumaliza chai yake, aliitoa baiskeli ndani na kuisimamisha uani juu ya stendi yake ya miguu miwili. Gurudumu la nyuma lilibaki juu juu bila kugusa mchanga. Kisha alimbeba Zuena akampandisha kwenye siti.

"Haya, dereva," alisema. "Leo unatupeleka wapi?"

"Mahege," Zuena alijibu. Kila siku jibu lilikuwa hilo hilo.

Baiskeli yenyewe ilikuwa mpya. Miaka hiyo maduka ya Kibiti yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya ukame mrefu wa bidhaa. Mzee Mrisho, baba yake Zuena, hakuamini macho yake alipoona baiskeli zimepangwa barazani kama viazi sokoni, anayetaka achague, bila kibali cha mkubwa yeyote. Aliinunua ili abebee nazi. Hakujua kuwa kabla ya nazi ingeanza kubeba mguu wa binti yake.

Zuena alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mguu wake wa kushoto ulivunjikia Mahege, msimu wa kuamia ndege. Mpunga ukianza kukomaa, watu wa bondeni huhamia shambani wakaishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti mirefu, wapate kuwafukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Bibi yake, Bi Mwanahalima, mama wa mama yake, alikuwa na dungu lake, na kila msimu alimtaka Zuena aende akamsaidie. Hakumwita kwa jina. Alimwita "mke mwenzangu," kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu zao, na kutwa nzima wawili hao waligombania mume, yaani babu, ambaye alikwisha kufa kabla Zuena hajazaliwa.

Siku moja ndege walishuka wengi mno. Zuena alikimbilia ngazi, akakanyaga kipago kilichooza, akaanguka. Bibi alimfunga mguu kwa vijiti na kanga aliyokuwa amejitanda, wakapata gari la mizigo, na njia nzima mpaka hospitali kichwa cha mjukuu kilikuwa mapajani mwake. "Lia tu, mke mwenzangu," alimwambia. "Hapa hakuna mtu wa kukucheka."

Zuena alifungwa plasta, akarudishwa nyumbani Kibiti. Akiwa bado amelala na plasta yake, habari ikaja kuwa Bibi ameshikwa na homa kulekule dunguni. Kabla mama hajafika, Bibi alikuwa amefariki. Walimzika siku hiyohiyo. Zuena hakumwona, hakumuaga, wala hakumrudishia kanga yake. Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Plasta ilipofunguliwa, mguu ulitoka mwembamba, umelegea. Dakta Ukasha wa zahanati aliukunja na kuukunjua polepole.

"Una baiskeli nyumbani?" alimuuliza baba. "Isimamishe kwenye stendi, apige pedeli kila siku. Mguu utapata nguvu bila kubeba uzito. Barabarani asiende mpaka mimi niseme." Kisha akamgeukia Zuena. "Na wewe binti, ukiumwa, sema. Mimi siuoni mfupa. Maumivu yako ndiyo yanayoniambia umefika wapi."

"Nitapona kabla ya arobaini ya Bibi?" Zuena aliuliza.

"Tutaona," alisema Dakta Ukasha.

Neno hilo ndilo lililomharibia. Alitaka kusikia ndiyo. Mazishi yalikwisha kumpita, na sasa ilibaki siku ya arobaini tu, siku ya hitima, watu wote wa ukoo watakapokaa pamoja kumwombea Bibi. Zuena aliapa moyoni kuwa hiyo haitampita.

Lakini mguu uliuma. Kila pedeli ya kushoto iliposhuka, maumivu yalipanda mpaka gotini. Zuena akagundua jambo. Gurudumu likiwa juu juu, mguu mmoja unatosha kulizungusha. Alikanyaga kwa mguu wa kulia tu, wa kushoto ukawa unapelekwa na pedeli kama abiria. Gurudumu lilivuma. Baba alilisikia akiwa barazani, akafurahi.

"Mashine hiyo!" alisema. "Mguu unauma?"

"Hauumi, baba."

Rafiki yake Salima, aliyekuwa akija kumtazama, hakudanganyika. "We Zuena, mbona mguu mmoja ndio unaofanya kazi, mwingine uko kwenye ziara?"

"Nyamaza. Ukisema, sikujui tena," Zuena alimjibu, na Salima akanyamaza.

Kwa Dakta Ukasha aliuma meno, akasema hauumi. Daktari alitazama paja la kushoto, akaona bado jembamba, akakunja uso. "Ajabu," alisema. "Basi ongezeni muda. Barabarani bado, na gari la kumtikisatikisa asipande."

Arobaini ikafika. Wazazi waliondoka siku moja kabla, juu ya lori lililokwenda Mahege, na mchele na nazi za hitima. Zuena alilia miguuni pa mama yake.

"Mwanangu, dakta amekataza," mama alisema, na macho yake yenyewe yalikuwa mekundu. "Utabaki kwa kina Salima. Ukipona kabisa nitakupeleka mwenyewe, mimi na wewe tu."

Zuena hakuitaka ahadi hiyo. Asubuhi alimwambia mama yake Salima kuwa daktari amemruhusu kuzunguka kidogo na baiskeli. Mwanamke yule, asiye na sababu ya kumshuku, akamwambia aende taratibu. Zuena alijifunga kanga ya Bibi kiunoni, akaishusha baiskeli kwenye stendi kwa mara ya kwanza, akaondoka.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Barabara ilikuwa ngumu na inateremka, na Zuena alijiona kweli amepona. Si amekuwa akienda Mahege kila siku pale uani? Lakini pale uani hapakuwa na mchanga. Alipoiacha barabara kubwa na kuingia katikati ya mikorosho, njia ikawa mchanga mtupu, gurudumu likazama, na mguu wa kulia peke yake ukashindwa. Aliuita wa kushoto. Aliusimamia kwa uzito wake wote.

Ukakubali mara moja, mara ya pili ukakatika. Zuena aliusikia kabla hajafika chini.

Hakujua alilala pale muda gani. Mzee mmoja mwenye baiskeli ya nazi, Mshamu, ndiye aliyemkuta.

"We mtoto! Wa nani wewe?"

"Mjukuu wa Bi Mwanahalima."

"Mwanahalima wa Mahege? Si ndiyo arobaini yake leo?" Mzee Mshamu alizimwaga nazi zake zote kando ya njia, akailaza hapohapo baiskeli ya Zuena, akamkalisha mtoto kwenye keria ya baiskeli yake, akaikokota baiskeli hatua kwa hatua mpaka Mahege.

Hivyo Zuena alifika kwenye arobaini. Alisikia sauti za watu wakisoma, akasikia harufu ya pilau, akaona mikeka imejaa. Akamwona mama yake katikati ya wanawake, mtandio kichwani, macho amefumba, anamwombea mama yake. Mtu akamnong'oneza sikioni. Mama akafumbua macho, akamwona mwanawe kwenye keria, na mguu umepinda.

Alinyanyuka. Hakungoja dua ya mwisho. Alipita katikati ya watu bila kuaga, akampokea Zuena mikononi, na baba akakimbia kutafuta gari la kuwarudisha Kibiti. Garini kichwa cha Zuena kilikuwa mapajani mwa mama, na mama alilia kimya njia nzima. Zuena alijua kabisa kuwa mama halii kwa sababu ya mguu tu. Hitima ya mama yake ilikuwa inasomwa, na yeye hayupo. Jambo hilo lilimuuma Zuena kuliko mfupa.

Kwenye zahanati Zuena aliusema ukweli wote, pamoja na habari ya mguu wa kulia uliofanya kazi ya miwili. Dakta Ukasha hakumgombeza. Alivua miwani, akaifuta.

"Nilikuwa natibu mguu wa maneno," alisema. "Wa kweli ulikuwa haujaja kwangu."

Plasta ikafungwa upya. Mpunga ukavunwa bila Zuena, mikorosho ikatoa maua, ikazaa. Baiskeli ilirudi kwenye stendi, na safari hii gurudumu lilizunguka polepole mno, kwa sababu mguu wa kushoto ndio uliolizungusha. "Hapa unauma, baba," alisema. "Leo zaidi ya jana." Baba alimshusha, wakangoja kesho. Salima naye alikaa pembeni, akiutazama mguu wa kushoto kama askari, na siku ulipomaliza mizunguko yake alipiga kigelegele.

Hatimaye Dakta Ukasha akasema, "Barabara ni yako." Zuena alikuwa anachechemea kidogo, na hata alipokuwa mtu mzima aliendelea kuchechemea.

Mama alitimiza ahadi yake. Waliondoka wawili tu, Zuena akiendesha polepole, mama akitembea kando yake. Walipofika kwenye mchanga, katikati ya mikorosho, Zuena alifunga breki.

"Mama, mguu unauma. Tupumzike."

Mama alisimama, akamtazama. Kisha akaketi palepale chini, akavuta pindo la kanga, akafuta macho.

"Neno dogo hilo, mwanangu," alisema. "Kuumwa si aibu. Ukisema unaumwa, tutakungoja, hata iwe mpaka jioni. Ukificha, sisi tunaendelea na safari tukidhani uko nasi, kumbe tumekuacha nyuma. Na Bibi hakuwa na haraka. Kaburi halihami."

Walikaa mpaka maumivu yakatulia, kisha wakaikokota baiskeli pamoja, kila mmoja upande wake. Walipita bondeni. Dungu la Bibi lilikuwa bado limesimama, ngazi imeanguka, na hapakuwa na mtu wa kufukuza ndege.

Kaburini Zuena aliifungua kanga kiunoni, akaikunja vizuri, akaishika kifuani.

"Shikamoo, mke mwenzangu," alisema. "Nimechelewa. Mguu ulikuwa unauma, nikasema hauumi."

Mama akamshika bega, akaitikia kwa niaba ya mama yake.

"Marahaba."