Folda Lililojiita Diski D

Sebule ile ilikuwa na tawala mbili. Upande wa dirishani alitawala Mama na cherehani yake ya kudarizi. Upande wa televisheni alitawala Baba, dereva wa lori. Aliwahi kutengeneza pasi ya jirani ikapata moto, na tangu siku hiyo mtaa ukamwita Mhandisi. Ifahamike kwamba pasi ilipata moto uliotakiwa.

Katikati ilikaa kompyuta. Ndani yake mlikuwa na michoro yote ya Mama: nembo za shule, majina ya timu, maua ya vitambaa. Cherehani husoma mchoro, kisha hushona. Bila mchoro, ni meza yenye kelele tu.

Wiki hiyo kompyuta iliugua. Iliwaka kwa kusuasua, ikazimika bila kuaga. Fundi akasema mfumo wake umeharibika. Kesho angekuja kufuta diski C na kuweka mfumo mpya.

"Na michoro yangu?" Mama aliuliza. "Sare za shule zinatakiwa Ijumaa. Nembo ile nimeichora mwezi mzima!"

"Mama watoto, tulia," Baba alisema kwa sauti ya mgeni rasmi. "Nimeshaitengenezea diski yake. Tazama."

Kwenye skrini palikuwa na folda moja. Liliandikwa kwa herufi kubwa: DISKI D. Michoro yote ilikuwa humo.

"Hodi!" Jirani yao, mwalimu wa kompyuta, alikuja kuchukua vitambaa vyake. Akachungulia skrini.

"Shemeji, folda hili liko wapi?"

"Si hapo mbele, huoni?"

"Naliona. Liko ndani ya diski gani?"

Baba alipapasa skrini kwa kidole, kama anayetafuta mlango wa folda.

"Vitu vinavyokaa hapo mbele vimehifadhiwa ndani ya C," mwalimu alieleza. "Kuliita D hakukulihamisha. Ni kama kuandika 'benki' kwenye mfuko wa suruali. Fundi akifuta C, folda linakwenda na maji."

Mama alimwangalia Baba. Mwangalio ule haufai kuelezwa katika kitabu cha elimu.

"Basi tufute kila kitu, tuigawe diski upya ipatikane D ya kweli?" Baba alijitetea.

"Hapana. Diski hugawanywa hata mfumo ukiwa umeshawekwa. Ni chumba kimoja kikubwa, sisi tunajenga ukuta. Lakini kwanza nakala. Kompyuta hii inaweza kuzimika katikati ya kazi. Kuna flashi?"

Mama alikuwa nayo. Mwalimu alinakili michoro, akaifungua mmoja mmoja kuhakikisha ni mizima. Ndipo akafungua programu ya kusimamia diski, ambayo tayari imo ndani ya kompyuta. Akabofya C kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua kupunguza ukubwa.

"Ipunguze sana!" Baba alishauri. "Mama watoto ajinafasi."

"Taratibu, shemeji. Mfumo nao unataka pa kupumulia. Tunachukua kiasi tu cha nafasi iliyo tupu."

Kikatokea kipande kisicho na jina. Mwalimu akakibofya, akachagua kutengeneza sehemu mpya, akakipa herufi D.

"Sasa itaandaliwa ipokee mafaili. Kuandaa ni kufuta, kwa hiyo hakikisha umebofya kipande kitupu, siyo C."

Muda si mrefu D ikaonekana, ya kweli. Michoro ikahamishiwa humo.

"Kesho mwambieni fundi afute C peke yake. Ila hizi ni sehemu mbili za diski moja. Diski yenyewe ikifa, zinakufa zote. Flashi itunzeni."

Kesho yake Baba alimsimamia fundi kama askari wa lango. "C peke yake! Umesikia? C!" Fundi akaomba kiti chake kisogezwe mbali kidogo.

Jioni kompyuta iliwaka upesi. Mama alifungua D, akagusa nembo ya shule. Cherehani ikaanza kushona. Sare zilikuwa tayari Ijumaa.

"Kazi imekwisha," Baba alisema. "Nipe hiyo flashi niweke nyimbo za safari."

"Michoro iliyomo je?"

"Si ipo kwenye D? Nifute tu."

"Futa. Lakini diski ikifa, nembo zote utashona wewe, kwa mkono."

Baba alivitazama vidole vyake vinene vya udereva. Kisha akavaa viatu, akaenda dukani kununua flashi yake.